Kabla Hujamwombea Sadiki Kifo

Nyota, mtoto wa Feza,

Shangazi yako amekwisha kukufungia mizigo, na najua amekuambia yote: usile ovyo pale Luvungi kamio, lile lori la abiria, likisimama, usimwachie mtu yeyote kifurushi chako, baridi ya Bukavu inataka sweta. Hayo sitayarudia. Nina neno moja tu, na ningekwambia kwa mdomo kama mjomba wako Elia, atakayekupeleka, asingekuwa amelala sebuleni na sikio moja wazi. Tukianza mbele yake tutagombana, na mtu hasindikizwi kwa ugomvi. Basi nimekuja kukaa jikoni kwa mama yako, nimewasha kibatari, naandika. Mwandiko wangu unaujua. Mapadri walinifundisha kusoma vizuri kuliko kuandika, kwa hiyo soma polepole, na usimsomee Elia.

Ukifika huko, kabla hujaanza shule yako ya uuguzi, utasimama kwanza kwenye tribinali, mahakama ya waaskari. Watamleta Sadiki. Watakuuliza kama ndiye aliyemuua mama yako, nawe utasema ndiyo, kwa sababu ndiye. Hakuna anayebisha, hata mama yake mzazi habishi. Halafu, Elia ameniambia, yule anayesimamia mashtaka atakugeukia akuulize ninyi wa familia mnaomba nini. Elia amekwisha kukufundisha jibu. Nilikusikia jana ukilirudia kule nyuma huku unasugua sufuria: "Tunaomba auawe. Tunaomba auawe." Ulilisema kama mtoto anayekariri katekisimu. Nilikuwa nyuma ya mlango, Nyota, nikakimbilia nje, mimi niliyevuka ziwa hili katika kila upepo linaojua kuleta.

Naomba usilitamke neno hilo.

Usinidhanie mtakatifu. Sadiki akiingizwa jikoni humu sasa hivi, panga liko nyuma ya gunia la makaa, na sidhani kama ningemsalimu kwanza. Namchukia. Kuna siku nasahau kula lakini sisahau kumchukia. Ndiyo maana nakuandikia mimi na si padri. Najua mtu mwenye moyo kama huu wangu anataka nini, na najua hafai kupewa anachokitaka, wala Leta, yaani serikali, haifai kumfanyia kwa niaba yake.

Nianze mbali kidogo, univumilie. Wazee hatuzijui njia za mkato.

Nilikuwa kijana, sijamuoa mama yako, wakati wazungu wa Leta walipomnyonga mtu hapa Kalundu. Alikuwa mkulima wa pamba wa kule bondeni. Kapita, msimamizi wa mashamba, alimchapa fimbo mbele ya mke wake, naye akamrudia kapita kwa jembe akamuua. Walijenga mti wa kunyongea kwenye ule uwanja ulio karibu na bandari, wakapita nyumba kwa nyumba kututoa. Wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto wapenye wanapoweza. Kamba ilikuwa imefungwa vibaya. Yule mtu hakufa upesi. Alipiga mateke hewani mpaka viatu walivyomvalisha vikamtoka, na polisi mmoja akaamriwa amvute miguu kwa uzito wake wote. Polisi alikuwa analia. Mzungu alikuwa akitazama saa yake. Kisha mkalimani akapaza sauti: "Mumeona? Mujifunze!"

Tukajifunza kweli. Msimu uleule wa pamba kapita mwingine aliuawa, safari hii usiku, na watu watatu, ili asijulikane muuaji. Na uhuru ulipofika, jambo la kwanza vijana walilofanya ni kuung'oa ule mti. Mbao zake nzuri zikagawanywa, na watu wakajengea vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwa. Baba yangu alikula ndagala zile akacheka, akasema mambo hayo yamekwenda na wenyewe. Alikuwa mtu wa kuamini upesi, marehemu.

Uhuru wenyewe unaujua ulivyokuwa. Waliokuwa wakitembea kwa miguu waliendelea kutembea, na makarani wachache wakaingia ndani ya magari ya wazungu wakapandisha vioo. Kwa hiyo vijana wa maasi walipoingia Uvira, wamevaa majani kichwani, wamenyunyiziwa maji yao ya kugeuza risasi, mimi nilishangilia. Usije ukasikia kwa mtu mwingine. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, na mama yako akaniambia nimeanza kuzeeka vibaya.

Sadiki walimfanya komanda wa Kalundu. Jana yake alikuwa mbeba mizigo bandarini. Unakumbuka alivyokuwa akija kwetu jioni, anakaa pale mlangoni, mama yako anamwekea vichwa vya samaki wa mukeke kwa sababu alivipenda kuliko minofu. Kijana mcheshi, mwenye aibu hata ya kuomba chumvi. Walimpa bunduki na kofia ya ngozi, na kabla wiki haijaisha alikuwa akihukumu watu.

Waliiita tribinali ya wananchi. Hakukuwa na avoka wa kumtetea mtu wala karatasi. Mtu anasimamishwa, anasemwa, na wananchi wanapiga kelele: aachwe, au auawe. Karani mwenye tai aliuawa kwa tai yake. Mwalimu mmoja aliuawa kwa kuwa na redio. Na mambo hayo yalifanyika wapi? Kwenye uwanja uleule, Nyota. Wanaume tulisimama mbele, wanawake nyuma. Hakuna aliyetupanga. Tulikuwa tumefundishwa tayari.

Siku moja walimleta mtu tusiyemjua. Walikuwa wamemkamata alfajiri katika mtumbwi, karibu na matete ya upande wa kusini, akiwa na taa ya presha inawaka. Na kule katikati ya ziwa mashua za serikali zilikuwa zinapita siku hizo zikitafuta pa kushusha waaskari. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu yake imelowa mpaka kifuani, sauti imemkauka.

"Weye unatoka wapi?" Sadiki akamuuliza.

"Baraka. Jina langu Ramazani. Minye iko mufanyabiashara."

"Ulikuwa unafanya nini mu ziwa na taa?"

"Nilikuwa natafuta mutoto. Upepo ulitupiga jana, mutoto akaanguka mu maji. Zaina. Iko mudogo. Nilizunguka usiku muzima nikimuita."

Mtu akacheka nyuma yangu. "Kila mupelelezi iko na mutoto!"

Watu wakacheka pia. Sadiki akainua mkono tukanyamaza. Kisha akanitafuta kwa macho, akanipata, na akasema kwa heshima yote aliyokuwa nayo alipokuwa akila kwetu: "Baba Nyota, simama. Weye iko muvuvi, bantu bote banakuheshimu. Ambia wananchi. Mbalamwezi ikiwaka, muvuvi anawashaka taa mu ziwa?"

Wewe ni mtoto wa Kalundu, hilo hata wewe ungelijibu. Ndagala hufuata taa kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, samaki wanatawanyika, taa haina kazi. Siku hizo mitumbwi hulala mchangani, wanaume hushona nyavu na kuwasumbua wake zao. Anayewasha taa mbalamwezi anachoma mafuta bure. Na mwezi wa usiku ule ulikuwa mpevu.

Nikasimama. Nikajiona nimekuwa mtu mbele ya watu. "Hapana," nikasema. "Hakuna muvuvi anawashaka taa na mbalamwezi."

"Aksanti, baba. Ikala."

Nikakaa. Na nilipokwisha kukaa, ndipo likanijia kwamba ndani ya matete mwezi hauingii. Anayetafuta kitu katika matete atataka taa hata mwezi ungewaka kama jua. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini mimi nilikuwa nimeulizwa habari ya samaki, nikajibu habari ya samaki, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kupiga kelele. Auawe. Auawe. Mimi sikupiga kelele. Sisemi hilo ili kujisafisha. Baada ya jibu langu, kelele za nani zilihitajika tena?

Palikuwa na mtu wao mmoja mrefu, kazi yake ilikuwa shoka. Pigo la kwanza lilimpata Ramazani begani, mfupa ukalia. Akaanguka upande, akajaribu kunyanyuka kwa mkono uliobaki. Alitutazama akasema, "Mutoto iko mu matete." Hakuwa anatuomba tumwache. Alisema kama mtu anayewaachia wengine kazi aliyoshindwa kuimaliza. Pigo la pili lilikuwa la shingo, na halikutosha, wakahitaji la tatu. Mbwa walikuja. Mama yako alikuwa nyuma pamoja na wanawake wenzake, na tulipofika nyumbani hakunipa chakula wala hakuniambia kwa nini.

Baada ya siku mbili nilimwona Zaina. Nilikuwa napitisha mtumbwi kando ya matete, na hapo alipokuwa, maji hayafiki kiunoni. Nywele zake zilisukwa kwa uzi mwekundu. Sikio moja samaki walikuwa wamelila. Nilimfunga kwa shati langu nikampeleka moja kwa moja kwenye biro, ofisi ya Sadiki, nikamlaza mezani, juu ya mihuri yake.

Alirudi nyuma mpaka ukutani. "Baba Nyota, funika ule mutoto."

"Baba yake alisema kweli, Sadiki. Sasa tunafanya nini?"

"Tunafanya nini!" Sauti yake ilikuwa imepanda kama ya msichana. "Muntu amekwisha kufa. Unataka nimufufue? Minye iko Mungu?"

Kwa mara ya kwanza tangu wampe ile kofia alikuwa amesema jambo lenye akili. Kama Ramazani angekuwa amefungwa kwenye ghala la bandari, tungekwenda mbio kumfungulia, mimi ningemwangukia miguuni, angeniponda mateke, na angemzika mtoto wake mwenyewe. Badala yake nilichimba mimi, kando ya baba yake, na udongo wa kaburi la baba yake ulikuwa bado mbichi.

Watu hufikiri shahidi mwongo ndiye anayeua. Mimi sikusema uongo, Nyota. Kila mvuvi wa ziwa hili angejibu vilevile. Kwa miaka nimetafuta uongo katika jibu lile ili nipate pa kujilaumu sawasawa, sijauona. Nilitoa kipande cha kweli kwa watu waliokuwa na haraka, na shoka halikuwa na pa kungojea kipande kingine.

Utasema, na Elia atasema, Ramazani hakuwa na hatia, Sadiki anayo. Ni kweli. Kwa hiyo sasa nakwenda pale pagumu.

Siku mama yako alipouawa wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Sitakuandikia ulichokiona. Waaskari wa serikali walikuwa wamesikika barabarani, waasi wanakimbilia kusini kwa mitumbwi, na mimi nilikuwa nimekwenda kuficha nyavu. Sadiki alikuja kutaka mtumbwi wetu. Mama yako alikuwa ameyafukia makafi, akamwambia hapati, akamuuliza amekula vichwa vya samaki wangapi katika nyumba hii. Mengine unayajua. Niliporudi ulikuwa umemfunika kwa mkeka, umekaa mlangoni, inzi wamekujaa usoni na huwafukuzi. Nilikuita jina. Hukujibu, na hukujibu kwa muda mrefu sana baada ya hapo.

Waaskari walipoingia walikagua vipaji vya nyuso. Aliyekuwa na chanjo za waasi, zile alama za dawa yao ya risasi, alipelekwa ufukweni, akaamriwa aingie majini hadi magotini, ili wasipate kazi ya kuchimba. Nilikwenda mbio. Nilipita mbele ya ile safu nikitafuta uso wa Sadiki kwa hamu. Hakuwamo, alikuwa amekwisha kuvuka. Lakini yule mrefu mwenye shoka alikuwamo. Huyo hatia yake haikuwa na shaka. Nilimwona kwa macho yangu akiua watu, na siku nyingine alikuwa akiimba. Nikafurahi, Nyota. Naliandika neno hilo kama lilivyo. Nikasogea mbele ili nione vizuri.

Alimwita mama yake. Mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, analia "Mama weee, mama wee," kwa sauti ya mtoto aliyeungua. Wakapiga risasi. Wengine walianguka, yeye akainuka, taya limening'inia, akawa anatembea kuja kwetu kana kwamba sisi ndio tutakaomtibu. Askari mmoja akamkamata kwa shingo akamzamisha, akamkanyaga kwa buti mpaka mapovu yakaisha. Maji yakawa mekundu mpaka pale wanawake wanapotekea. Askari alipotoka alitapika, wenzake wakamcheka.

Nikakimbia nyumbani. Nilikuwa na zawadi ya kukuletea! Nikapiga magoti mbele yako nikakwambia, "Wamemuua yule mwenye shoka. Nimeona. Amekufa vibaya." Nilidhani utaongea. Nilidhani kuna fundo ndani yako, na habari ile italifungua. Ulinitazama, ukajikojolea hapo ulipokaa.

Hiyo dawa Elia anayokupa, mimi nimekwisha kuinywa, tena kwa mtu mwenye hatia asiye na mtetezi. Haikunipa hata usingizi. Feza alibaki amekufa. Wewe ulibaki bubu. Na mimi niliongeza uso mmoja katika zile zinazonijia nikifumba macho.

Kilichokufungua mdomo ni kitu kingine, na sijui kama unakikumbuka kama mimi. Safari za ziwani zilipofunguliwa, alikuja mwanamke kutoka Baraka, akiuliza mlango kwa mlango habari za mumewe na mtoto. Watu wote walimwambia hawajui. Mimi nilimwambia najua. Nilimpeleka makaburini nikamsimulia kila kitu, taa, mwezi, matete, na jibu langu. Alinipiga kofi nikaona nyota za mchana. Kisha la pili. Sikujikinga. Alipochoka akakaa chini katikati ya yale makaburi, akasema, taratibu, kama anayemweleza jambo mtoto mjinga:

"Mungengojea kidogo tu, baba. Kidogo tu. Ziwa lilikuwa linakuja kusema."

Alikuwa hana pa kulala, akalala kwetu. Alilia usiku kucha. Kulipopambazuka nilisikia sauti jikoni humu, sauti ambayo sikuitambua kwanza: "Mama, maji ya kuoga iko moto." Ulikuwa wewe. Ulikuwa umeamka, umewasha moto, umempashia mgeni maji. Nilitoka nje nikalia nimeshika ukuta.

Sasa mjomba wako. Usimdharau Elia, alimpenda dada yake, na maumivu yake ni ya kweli. Nimemsikiliza wiki nzima. Anasema Sadiki akiachwa ataua tena. Basi asiachwe. Wamfunge buloko, wamfunge mpaka azeeke humo, nitawaletea kufuli mwenyewe. Anasema Sadiki hakumpa dada yake nafasi ya kujitetea. Kweli, hakumpa. Lakini tangu lini Sadiki amekuwa mwalimu wetu? Anasema hii si tribinali ya uwanjani, ina majaji na avoka. Sawa. Lakini mimi nimeona uwanja mmoja ukiwa na wenyewe watatu. Wazungu waliua pale wakasema ni sheria. Waasi wakaua wakasema ni wananchi. Waaskari wakaua hatua chache kando yake wakasema ni amani. Kila aliyekuja alitukuta tumekwisha kuzoea kusimama tukatazama. Leta ikishapewa ruhusa ya kuua, haiirudishi ikibadilisha bendera. Leo Elia anaishangilia kwa ajili ya Sadiki. Kesho itakuja kutafuta mtu mwenye redio, au mtu mwenye kanzu, au mtu wa Bijombo, kule milimani, aliyeteremka na ng'ombe zake, na itakuwa na ruhusa ileile, na Elia atakuwa amechelewa kunung'unika.

Juzi alinipiga na lile kubwa. Alisema, "Shemeji, ina maana Feza hana thamani?" Nikatoka kwenda kukojoa. Jibu langu nakupa wewe. Thamani ya mama yako haiko shingoni kwa Sadiki. Wakimnyonga hawatakuwa wamemlipa Feza kitu. Watakuwa wamesema tu kwamba hesabu imefungwa, kila mtu aende nyumbani. Mimi sitaki ifungwe. Nataka Sadiki aamke kila asubuhi akumbuke nani alimpa chakula. Sitakwambia mama yako angemsamehe. Sijui. Alikuwa mkali, unamjua. Pengine angetaka aachiwe yeye na mwiko wake, saa moja tu, mlango umefungwa.

Wala sikuombi umsamehe. Wa kusamehe ni wewe, na kama hautafika wakati huo, basi. Ninachoomba ni kidogo. Useme yote uliyoyaona, usipunguze hata tone. Sema panga, sema mkeka, sema alivyokanyaga damu akatoka. Wasikie mpaka viti viwachome. Kisha wakikuuliza mnaomba nini, sema: afungwe, aishi. Elia atakukodolea macho. Mwache akukodolee. Neno lile lingine ukilitoa hutaweza kulirudisha mdomoni, nami najua ladha yake inakaa miaka mingapi. Unakwenda kujifunza kuwafunga watu vidonda. Sitaki mikono yako ianze kazi hiyo ikiwa na kitu cha kuficha.

Imebaki habari moja, na shangazi yako haijui.

Leo mchana, ulipokuwa umekwenda kuaga kwa masista, Mama Sadiki alikuja kwa mlango wa nyuma. Tangu mambo yale hajawahi kukanyaga kwetu. Tukikutana sokoni anaacha njia. Amekonda. Alisimama hapa jikoni hakukaa, akanipa shuka jeupe, jipya, limekunjwa vizuri.

"Baba Nyota," akasema, "siombi bamuache. Minye najua alifanya nini. Lakini bantu banasema bale tribinali inauaka, banabatupaka tu mu shimo kama mbwa. Bakimuua, Nyota aniombee maiti. Bamufunge mu hii. Ni hiyo tu."

Nilitaka kumfukuza. Wallahi, nilifungua mdomo nimfukuze. Badala yake nikalipokea. Nimelitia chini kabisa ya mizigo yako, chini ya sweta.

Siwezi kukulazimisha. Ukisema neno la Elia utabaki mtoto wangu, na sitalitaja kamwe katika nyumba hii. Lakini hukumu ikitoka, utampa Elia lile shuka, naye atarudi nalo na kamio, na Kalundu haina siri. Mama Sadiki atakuwa amesimama pale njiani linaposimama, na mimi nimeamua nitasimama karibu yake, watu waseme wanavyotaka. Hatutamuuliza Elia kitu. Tutatazama tu shuka limerudi vipi, limekunjwa au limefunga mtu.

Nenda salama, mama. Jogoo wa jirani amekwisha kuanza fujo zake, na bado sijakubandikia chai.

Baba yako,
Yeremia